Malik bin Fahm: aliyehama kwa ajili ya mbwa wa jirani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, masheikh, mama zangu mliokaa upande ule, na nyinyi vijana mliojaa mlangoni mpaka mmeziba upepo: ahsanteni sana kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya Malik bin Fahm wa kabila la Azd, ambaye Waarabu wa Oman wanamhesabu kuwa ndiye wa kwanza wao kushika utawala wa nchi ile, zamani sana kabla ya Uislamu. Najua wengi wenu mmekuja kusikia vita, ndovu na mapanga. Vitakuja. Lakini mimi nitaanza na mbwa, kwa sababu wazee walioihifadhi habari hii nao walianza na mbwa, na sidhani kwamba walianza hapo bila ya sababu.

Malik alizaliwa katika milima ya Sarat, magharibi ya Bara Arabu, kwenye mbari ya Daws. Daws hawa mnawajua hata kama hamjawahi kufikiri kuwa mnawajua. Abu Huraira, ambaye jina lake tunalisikia kila darsa ya hadithi inapofunguliwa, alikuwa Mdawsi. Daws alimzaa Ghanm, Ghanm akamzaa Fahm, na Fahm akamzaa Malik na ndugu yake Amr. Kwa hiyo tunazungumza juu ya watu wa karibu, watu wa mlima, wafugaji wa kondoo na mbuzi wenye vijishamba vyao vya ngazi ngazi ubavuni mwa jabali.

Sasa, Malik alikuwa na jirani. Si jirani wa ukuta kwa ukuta tu. Alikuwa mtu asiyekuwa na nguvu, aliyejiweka chini ya hifadhi ya Malik, na mtu huyo alikuwa na mbwa jike. Watoto wa Amr, yaani watoto wa ndugu yake Malik, walikuwa wakipitisha wanyama wao njia ile. Mbwa akiwaona tu anabweka, anawarukia, kundi linatawanyika, na vijana wanashinda kutwa wakikusanya kondoo kwenye mawe. Siku moja mmoja wao akachoka. Akatia mshale kwenye upote, akampiga mbwa, mbwa akafa pale pale.

Mwenye mbwa akaenda kwa Malik kulalamika.

Hebu tusimame hapa kidogo. Sisi watu wa pwani mbwa hatumpi nafasi kubwa nyumbani. Mtu angekuja kwa mzee wa mtaa kushitaki kuwa watoto wa ndugu yake mzee wameua mbwa, angeambiwa: pole, nitawasema, chukua hizi ukanunue mwingine. Na Malik angeweza kusema hivyo. Wauaji walikuwa damu yake, mwenye mbwa hakuwa damu yake, na aliyekufa alikuwa mbwa. Lakini wapokezi wanatueleza kwamba alighadhibika ghadhabu kubwa, akasema hakai tena katika nchi ambayo mtu aliye chini ya hifadhi yake anafanyiwa jambo kama hili. Akakusanya watoto wake na waliomfuata katika watu wake, akafunga mizigo, akaondoka. Ndugu yake Amr hakupenda. Malik akaenda.

Neno letu la Kiswahili, jirani, limetoka kwao. Kwa Kiarabu mmoja ni *jaar*, na wengi ni *jiiraan*. Sisi tulilichukua la wingi tukalifanya la mtu mmoja, kisha tukalipa wingi wetu wenyewe, majirani. Ila katika safari hiyo kuna kitu kilipungua njiani. Kwetu jirani ni anayekaa karibu. Kwa Waarabu wa zamani *jaar* alikuwa pia mtu aliyekuja kwako akakuomba umfunike, na ukikubali, mali yake ni mali yako, aibu yake ni aibu yako. Nchi isiyokuwa na polisi wala mahakama ilisimama juu ya neno hilo. Aliyempiga mbwa yule alikuwa ametoboa neno la Malik, na aliyelitoboa alikuwa mtoto wa nduguye, ambaye hawezi kumpiga vita. Ndiyo maana nasema kuhama kwake hakukuwa hasira ya mtu mwepesi wa hasira. Kulikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulitimiza neno bila kumwaga damu ya nyumbani.

Najua kuna watakaosema: mwalimu, sisi tumesoma kuwa Azd walitawanyika kwa sababu bwawa la Maarib lilibomoka kule Yemen. Ni kweli kuwa habari hiyo ndiyo mashuhuri zaidi, na imefungamana na mafuriko ya Arim yaliyotajwa katika Suratu Saba. Lakini bwawa lile halikubomoka mara moja. Maandishi ya mawe ya Yemen yanaonyesha lilibomoka na kutengenezwa zaidi ya mara moja, na aliyelitengeneza katikati ya karne ya 6 ni Abraha, huyo huyo wa watu wa ndovu. Wanahistoria wa leo wanaona kwamba kuhama kwa Azd hakukuwa msafara mmoja bali mawimbi ya watu, vizazi kwa vizazi, kila mbari na sababu yake. Watu wa Malik walipoulizwa sababu yao, walisema mbwa. Nawaamini kwamba hilo ndilo walilotaka watoto wao walikumbuke.

Safari yenyewe ilipita Hadhramaut, na wanasema alikaa kwa muda katika Wadi Barhut. Huko ndiko alikosikia habari za Oman: nchi ina maji na malisho, ila Waajemi wameshaishika. Akaendelea. Kwa hesabu ya wapokezi alikuwa na watu zaidi ya 6,000, wenye farasi na wa miguu, na mbele akamtanguliza mwanawe Hunat na wapiganaji 2,000. Alipofika pwani ya Oman akawaweka wanawake, watoto na mizigo pale Qalhat, akawaachia walinzi, kisha yeye na jeshi akapanda bara mpaka Salut, karibu na Nizwa.

Na hapa kuna jambo ambalo likisimuliwa hupitwa mbio, kwa sababu kila mtu ana haraka ya kufika kwenye ndovu. Malik hakuanza kwa kupiga. Aliandika ombi. Alimpelekea mkuu wa Waajemi, ambaye wapokezi wanamwita Marzubani, yaani mwenye kushika mpaka, akamwomba sehemu ya kukaa yenye maji na malisho, akae kama wanavyokaa watu. Kwa maneno mengine yule aliyehama kwa kumtetea jirani alifika akiomba naye awe jirani. Waajemi wakashauriana wao kwa wao, wakaona nchi itawabana, wakakataa.

Vita vya Salut, kwa mujibu wa habari hizo, vilikuwa vya siku tatu katika uwanda. Waajemi walikuja na ndovu. Malik alitoka amepanda farasi wa mabaka, amevaa deraya, juu yake kanzu nyekundu, kichwani kofia ya chuma iliyozungushiwa kilemba cha manjano. Naipenda picha hiyo. Mtu aliyevaa vile hajifichi. Watu wake wakitazama kwenye vumbi wanajua yuko wapi, na adui pia anajua. Siku ya tatu Marzubani akatoka kupambana naye mtu kwa mtu, na Malik akamuua. Waajemi wakaomba sulhu: wapewe mwaka mmoja wafungashe, watoke katika nchi. Akawapa. Akarudi Qalhat kwa watoto wake.

Katika mwaka ule wa sulhu, wanasema wapokezi, Waajemi wakafukia na kubomoa falaji nyingi za Oman.

Wale ambao hamjafika Oman, niwaeleze falaji ni nini, kwa sababu bila ya kuielewa hamtaelewa ubaya wa kitendo kile. Falaji ni mfereji wa maji unaotoka chini ya mlima. Watu wanachimba kisima kirefu mahali penye maji, juu kidogo kuliko kijiji, kisha wanachimba handaki kutoka pale, linalotelemka polepole sana, labda maili kadhaa, mpaka maji yatoke yenyewe juu ya ardhi, bila ya ndoo, bila ya pampu. Njiani wanaacha matundu ya kuingizia hewa na kutolea udongo. Kuna zaidi ya namna moja ya falaji, lakini hii ya chini kwa chini inaitwa Daudi, kwa kunasibishwa na Nabii Suleiman mwana wa Daudi. Hadithi ya Oman inasema Suleiman alipita juu kwa upepo, akaona kasri pale pale Salut, juu yake ametua tai, na kasri ni kama mafundi wameondoka sasa hivi. Akateremka, akakaa Oman siku 10, na kila siku majini wakachimba falaji 1,000.

Mimi nilifika Izki miaka iliyopita, na huko ipo falaji inayoitwa al-Malki, ambayo wenyeji wanaiunganisha na jina la huyu Malik tunayemzungumza. Ni moja ya falaji 5 za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Falaji zinazofanya kazi mpaka leo nchini humo ni kama 3,000. Niliketi pale karibu tangu alasiri. Maji hayana kelele. Yanapita kwanza pale watu wanapochota ya kunywa, hapo hakuna anayeruhusiwa kunawa. Kisha yanapita msikitini kwa ajili ya udhu, kisha mahali pa kuoga, na mwisho ndiyo yanaingia mashambani chini ya mitende. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu inahesabiwa kwa *athar*, ambayo ni kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa chini, na usiku kwa nyota. Nilimwona mzee mmoja amechuchumaa, ameshika jiwe lililofungwa kitambaa, limeziba mlango mdogo wa mfereji. Anatazama tu. Muda ulipofika akalitoa jiwe la kwake, akaenda hatua tano, akalitia upande mwingine, maji yakageuka yakaingia kwenye shamba la mtu ambaye hayupo. Nikamuuliza, mwenyewe yuko wapi? Akaniambia yupo Maskat, kazini. Maji yake je, nikasema. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. Maji yake ni yake, akasema.

Basi fikirini mtu aliyepewa mwaka wa amani akautumia kubomoa kitu kile. Kufukia falaji ni kuua mji bila ya kuugusa mji. Mitende inakauka kwa utaratibu, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na watu wanaondoka wenyewe. Na anayekuja baada yako anakuta nyumba zimesimama na hakuna anayeweza kuishi. Wapokezi wameyaweka mambo mawili karibu: Waajemi waliombwa maji wakayanyima, na walipolazimika kuyaacha wakayaharibu. Baadaye jeshi jipya likaja kutoka ng'ambo, vita vikawa tena, Malik akashinda tena, na safari hii Waajemi wakatoka. Vita hivyo vya pili mapokezi yanavisimulia kwa ufupi, na mimi nitavipita kwa ufupi.

Naona kijana mmoja pale ameinua mkono, na nadhani najua anachotaka kuuliza: haya yalikuwa mwaka gani? Nitamjibu sasa.

Habari zetu zenyewe zinagombana. Mapokezi ya Oman yanasema mfalme wa Waajemi wakati ule alikuwa Dara mwana wa Dara mwana wa Bahman. Huyo katika visa vya Waajemi na Waarabu ndiye aliyeshindwa na Iskandar, yaani Aleksanda Mkuu, na Iskandar alimvunja Dara mwaka 331 kabla ya Miladi. Lakini nenda Iraq. Huko al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, anamtaja Malik bin Fahm kuwa wa kwanza kuwatawala Waarabu wa Tanukh, makao yake karibu na Anbar, akafuatiwa na nduguye Amr, kisha na Jadhima, mwana wa Malik mwenyewe, aliyeitwa al-Abrash. Na Jadhima ana jiwe. Pale Umm al-Jimal, kaskazini ya Jordan, limeonekana jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kiyunani na Kinabati, la mtu aitwaye Fihr bin Sullay, na jiwe linasema kuwa alikuwa mlezi wa Gadhimat, mfalme wa Tanukh. Wataalamu wanaliweka katika karne ya 3 Miladi. Hebu hesabuni: baina ya Dara na Jadhima kuna zaidi ya miaka 500. Hakuna baba anayeweza kuingia katika nafasi hiyo, hata huyu ambaye wanasema alitawala miaka 70 akaishi miaka 120.

Na kasri la Salut nalo limechimbwa. Wataalamu kutoka Italia walianza kazi pale mwaka 2004, na kuta walizozikuta ni za zama za chuma, mwanzo wake ni zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Miladi. Yaani hata Malik alipofika, kwa hesabu yoyote utakayoishika, Salut ilikuwa tayari ni magofu ya watu wa kale au inaelekea kuwa magofu. Ndiyo maana kisa cha Suleiman kinalisimulia kasri kama limeachwa na mafundi. Watu walilikuta, hawakujua nani alilijenga, wakalitafutia mwenyewe.

Sasa mtu anaweza kusema basi yote ni hadithi za bibi. Mimi sikubali. Jiwe la Umm al-Jimal linatuonyesha kuwa ukoo ule ulikuwepo na ulikuwa na ufalme. Kuwepo kwa Azd Oman na uhasama wao na Waajemi hakuna anayekukataa: mwaka wa 8 Hijria, karibu na 630, Mtume alipomtuma Amr bin al-As kwenda Oman na barua, waliopokea barua ile ni Jayfar na Abd, watoto wa al-Julanda, Waazd wa tawi jingine, na baada ya wao kusilimu Waajemi walitolewa pwani ya Sohar. Kilichotokea, ninavyoona mimi, ni kwamba matawi mawili ya watu waliotawanyika, moja Oman na moja Iraq, kila moja limemng'ang'ania mzee huyu awe wa kwake, na kila moja limemvisha nguo za zama zake. Nguo zinaweza kubadilika na mwili ukawa ule ule.

Vijana, na nyinyi mnaopenda kuulizana nisba zenu: sikuja hapa kugawa nasaba. Lakini nitawapa mmoja tu katika kizazi chake, kwa sababu anatuhusu sote hapa, awe mtu ni Mhinai kwa Hunat bin Malik, au ni Mmakunduchi, au Mpemba. Katika watoto na wajukuu wa Malik wanahesabiwa Farahid, na katika Farahid alitoka Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Oman na makazi yake Basra, aliyefariki katika karne ya 8. Huyu ndiye aliyekaa akazisikiliza beti za Waarabu akazitoa mizani yake, akaiita elimu hiyo arudhi, na kila aina ya mizani akaiita bahari. Kila mshairi wa Kiswahili anaposema kuwa shairi la fulani limetoka nje ya arudhi, au kwamba mashairi yana bahari nyingi, anazungumza kwa maneno ya mjukuu wa Malik bin Fahm. Hilo si la damu. Limefika kwetu kwa sikio.

Nakuja kwenye usiku wa mwisho.

Malik alipozeeka, watoto wake walikuwa wakilinda kwa zamu. Kila usiku mmoja wao na kikosi chake. Katika hao alimpenda zaidi Salima, na mapenzi yale yalikuwa wazi kiasi cha kuwachoma wengine. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Salima kutupa mshale. Si mtumishi wala mwalimu wa kulipwa. Yeye baba, kila siku, akimwekea shabaha na kumrekebisha kiwiko. Ndugu wakaenda kwa baba wakamwambia: huyu unayempenda usiku wa zamu yake anajitenga na wenziwe, analala.

Angalieni, wapendwa wangu. Maisha ya mtu huyu yanafunguliwa na mtu anayekuja kulalamika kwake, na yanafungwa na watu wanaokuja kulalamika kwake. Mara ya kwanza hakungoja. Aliamini neno la dhaifu juu ya watoto wa ndugu yake, akahama nchi. Mara ya pili walalamikaji walikuwa wenye nguvu, wanamshitaki ndugu yao kwa husuda, na mzee akaona akajionee mwenyewe. Hakumwita Salima akamuuliza. Akatoka usiku, peke yake, akijificha.

Salima alikuwa juu ya farasi wake, pembeni, na usingizi ulikuwa umempitia. Hilo wapokezi hawalifichi: ndugu zake hawakusema uongo mtupu. Farasi akaona kivuli cha mtu gizani. Akasimamisha masikio. Kwa mlinzi wa usiku masikio ya farasi ndiyo macho yake; yanapoelekea ndiko kuna kitu. Salima akashituka, na kabla hajajua kama yuko macho au ndotoni mkono wake ulikuwa umeshavuta upote. Hakumwona mtu. Alilenga baina ya masikio mawili ya farasi, akaachia, kama alivyofundishwa.

Baba akasikia upote unalia. Akapaza sauti: usipige, mwanangu, ni mimi baba yako!

Salima akajibu kwa maneno ambayo Waarabu waliyafanya methali: baba, mshale umeshashika njia yake.

Ukamwingia moyoni. Na beti anazonasibishiwa akiwa katika hali ile, ingawa wengine wanazinasibisha na washairi wengine, mojawapo kila anayesoma Kiarabu ameihifadhi: *U'allimuhu r-rimaayata kulla yawmin, falammaa shtadda saa'iduhu ramaanii.* Kila siku namfundisha kutupa mshale. Mkono wake ulipokaza, akanipiga mimi. Wanalugha wa zamani waligombana katika neno moja hapo. Wengi wanasoma *ishtadda* kwa shin, yaani mkono ulipata nguvu. Wengine wakasema hapana, ni *istadda* kwa sin, yaani mkono ulinyooka, ukawa sawa katika kulenga. Nukta tatu tu juu ya herufi. Mimi naifuata sin, na ushahidi wangu ni ule usiku wenyewe. Nguvu kila kijana anaipata bila ya kufundishwa. Alichopewa Salima na baba yake ni kule kulenga sawasawa gizani, kwa masikio ya farasi, na hicho ndicho kilichomuua mzee.

Salima akawaogopa ndugu zake, akavuka bahari. Akashukia Jask, pwani ya Uajemi inayotazamana na Oman, baadaye akaingia Kerman. Yaani mtoto wa aliyewatoa Waajemi akaenda kutafuta hifadhi kwao, na huko wakampokea na kumwoza. Wanasema kulikuwa na mfalme dhalimu aliyekuwa akijichukulia kila bibi harusi usiku wa kwanza. Salima akawaambia wenyeji atawaondolea balaa hilo. Akavaa nguo za bibi harusi, akajitanda, akaficha kisu, akapelekwa ndani kwa vigelegele. Asubuhi mfalme alikuwa maiti, na Kerman ikawa na mtawala kutoka Azd.

Watu wa nchi hawakutulia chini yake muda mrefu, na akahitaji msaada. Alimwandikia nani? Alimwandikia Hunat, kaka yake kule Oman, aliyekaa mahali pa baba yao. Wapokezi wanasema Hunat alimpelekea watu 3,000 wa Azd. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama pale. Hunat alikuwa mtoto wa Malik. Aliyeomba msaada ndiye aliyemuua Malik. Barua ikafika, na majahazi yakapakiwa.

Salima akafia Kerman. Watoto wake walipohitilafiana Waajemi wakapata mwanya, ukoo ukatawanyika. Wengi wakabaki huko huko, wachache wakarudi Oman kwa jamaa zao.

Muda niliopewa umekwisha, na naona kahawa inaingia. Habari ya Jadhima na Malkia Zabba nimeipita kwa makusudi, na ya mpwa wake Amr bin Adi aliyesimamisha ufalme wa Hira pia, kwa kuwa kila moja inataka usiku wake. Yule kijana aliyeinua mkono aje mbele kwanza. Kama swali lake halikuwa la mwaka, nitamwomba radhi.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.